Mashine Haitoki Chumbani

Simu ya Gathoni iliingia Rosaline akimlisha mumewe, Sifuna, uji. Gathoni alisema baba yake, Mzee Zachary Ngige wa Kachibora, amefariki, na mazishi ni Jumamosi. Rosaline aliweka kijiko chini, akampa pole, akauliza mama anaendeleaje. Gathoni alijibu yote kwa heshima, kisha akafika alikokuwa akienda. Ile filamu ya jubilii, ya wazazi wake kutimiza miaka hamsini ya ndoa, wameingoja tangu Desemba na hawakusumbua mtu, kwa sababu habari za ugonjwa wa Sifuna walizisikia. Lakini sasa baba hayuko, na mle ndani ndimo alimowausia watoto wake kwa mara ya mwisho. Familia imekodi skrini kubwa. Wanataka watu wamwone mzee akizungumza kabla hajateremshwa kaburini.

“Mama Joy, usiniambie imepotea,” alisema. “Niambie tu iko.”

“Iko,” Rosaline akasema.

Na ilikuwa iko, kama unga unavyokuwepo kabla ya ugali. Picha zote zilikuwa ndani ya mashine, ile kompyuta ya studio, na hazikuwa kwingine popote, maana kadi za kamera zilishafutwa zamani zikatumika kupigia harusi za watu wengine. Studio ndogo huishi hivyo. Malipo ya kwanza yaliishia hospitalini, hayo hata Gathoni aliyajua na hakuyataja. Filamu yenyewe ilikuwa ndiyo kazi ya mwisho Sifuna kuipiga kwa mikono yake miwili. Wiki iliyofuata kiharusi kilimwangusha mlangoni kwake Tuwan, akiwa ameshika kopo la maji ya kunawa uso.

Tangu hapo mashine ilihamia chumba cha kulala. Sifuna alilala upande wake wa kushoto akiiangalia, na Rosaline, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba na ambaye hakuwahi kushika kipanya maishani, alijifunza kukata filamu kwa kuelekezwa kutoka kitandani. Kata hapo. Rudisha. Si huyo, yule wa kofia. Mdomo wa Sifuna ulikuwa umepinda na maneno yalitoka mazito, lakini kwa kazi hiyo mke wake alimwelewa. Siku moja wageni wa kanisa walipokuja, Rosaline aliisogeza mashine sebuleni apate nafasi ya viti. Sifuna alifunga mdomo, hakula asubuhi wala mchana, mpaka iliporudishwa. Alidhani imeuzwa. Wagonjwa wana mambo yao, na anayekaa nao hajiulizi sana, anarudisha mashine mahali pake na kuendelea na maisha.

Shida ni kwamba kamera iliyopiga jubilii ilikuwa ya kukodi, mpya, yenye picha nzito. Mashine ikifika pale wazee wanapokata keki inaganda. Ukitaka kuitoa filamu nzima iwe faili moja ya kuonyeshwa inaanza vizuri, inatambaa, halafu inasimama kabisa na kumwacha Rosaline akitazama kioo cheusi. Alijaribu siku ile yote. Jioni alimpigia binti yake Joy, aliyeolewa Bungoma na kijana fundi wa kompyuta anayeitwa Dancan Wanyonyi.

Dancan alitoa jawabu la haraka kupitia kwa mkewe: mzee atoe diski iliyohifadhi picha, itumwe Bungoma, yeye ataimaliza dukani kwake kwa siku moja. Rosaline alilipeleka jawabu hilo kitandani kwa sauti ya taratibu, na huku akilisema alijua linaenda wapi.

“Kazi yangu haitoki hapa,” Sifuna alisema.

“Si kazi inatoka. Ni diski tu, ikatengenezwe.”

“Mama Joy. Ikitoka hapa, mimi nimebaki na nini?”

Rosaline alikuwa na jibu la dawa, la shuka, la uji na la kumgeuza, lakini hilo hakuwa nalo. Akampigia Joy tena, akamwambia mzee amekataa, wafikirie njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa kadi ya grafiki. Dancan alikuwa na moja, aliinunua cyber moja ya kuchezea gemu mjini Bungoma ilipofungwa, na aliyekuwa nayo aliapa ni nzima. Kadi hiyo ikichomekwa ndani ya mashine itabeba uzito wa picha. Aliuliza jambo moja tu: pawa saplai ya mzee, lile sanduku la chuma linalogawia kompyuta stima, ni la wati ngapi? Kadi ile ina njaa, hailishwi na sanduku dogo. Swali lilitoka kwa Dancan likaenda kwa Joy, kwa Joy likaenda kwa Rosaline, na kwa Rosaline likafika kitandani.

“Mia tano,” Sifuna akasema, bila hata kufikiri.

Jibu likarudi njia ileile mpaka Bungoma.

Dancan alifika Alhamisi kabla ya chakula cha mchana, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa nje, kofia magotini. Rosaline alimsalimia akiwa amesimama jikoni, akitazama sufuria. Hawakupeana mkono. Kwa Wabukusu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani, hawali pamoja, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakikanyagi hata kwa kusahau. Siku hizi wako wanaosema hayo ni ya zamani, na hao Rosaline huwaambia wayaache kwao, kwake bado. Dancan naye alilelewa Ndalu na nyanya asiyecheka na mambo ya heshima. Basi fundi alikuwa sebuleni, mashine iko chumbani, na katikati yao pazia la maua.

Dancan aliomba, kwa maneno mengi ya kuzunguka, kama mashine ingeweza kutolewa hapo sebuleni kwa muda mfupi tu. Kutoka chumbani kikatoka kikohozi cha Sifuna, na Rosaline akasema haiwezekani.

Wakapanga hivi: Dancan atasema, Rosaline atafanya. Dancan alimpitishia bisibisi na kadi chini ya pazia, juu ya sinia ya chai. Mwanamke wa miaka yake, magoti yamechoka kwa kumwinua mgonjwa, alipiga magoti kwenye saruji akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilimwingia puani. Alikuwa anajua kijana aliye nyuma ya pazia anasikia anavyohema, na jambo hilo lilimuudhi kuliko vumbi. Dancan kwa upande wake alikuwa ameinamisha kichwa sebuleni, jasho linamtoka, akitafuta namna ya kumwambia mama mkwe ainame zaidi bila kutumia neno kuinama.

“Mama, hapo juu kwa nyuma kuna sanduku ya chuma, yenye inatoa waya mingi. Imebandikwa karatasi. Nisomee nambari iko karibu na neno wati. Ikiwa mia tano tunaendelea. Ikiwa chini ya mia tatu tuache hiyo maneno, Mama, kwa sababu inaweza choma kitu.”

“Si nilishasema ni mia tano,” Sifuna akasema kitandani.

“Ulisema, Baba. Ni vile tu fundi lazima asikie karatasi ikisema.”

Rosaline akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa. Karatasi ilikuwa hapo, safi, herufi nyeusi. Mia mbili na arobaini. Akasoma tena, kidole juu ya nambari, maana macho yake hayakuwa ya kutegemewa siku hizi. Mia mbili na arobaini.

Akainua uso, akamkuta Sifuna anamtazama. Alijua. Hakuwa amesahau wala hakuchanganyikiwa, alijua kabisa, tangu siku aliyoinunua kwa bei ya mashine kubwa, akafika nyumbani, akaifungua na kukuta ametapeliwa. Aliifunga kimya. Kanisani, sokoni, kwa wateja na kwa mkwe aliyekuja kuposa, aliwaambia wote ni mashine ya mia tano, na ikawa hivyo kwa miaka. Sasa alikuwa amelala na nusu ya mwili, amevishwa nepi na mke wake, na nyuma ya pazia alikuwepo mume wa binti yake akingoja karatasi iseme. Macho yake yaliomba. Rosaline hakuwahi kuona mume wake akimwomba kitu, hata siku kiharusi kilipomwangusha.

“Mama?” Dancan akaita.

“Nasoma. Herufi ni ndogo.”

“Pole pole, Mama.”

Rosaline alijiambia kwamba karatasi huogopesha watu bure. Karatasi ya hospitali ilisema Sifuna hatazungumza tena, na huyu hapa anazungumza. Karatasi ya dawa husema usimeze baada ya mwezi fulani, na watu wanameza na hawafi. Kwani mashine itajuaje?

“Mia tano,” alisema.

Sifuna akafumba macho.

Dancan akashukuru Mungu sebuleni, wakaendelea. Kadi ikaingia mahali pake, baada ya Rosaline kuisukuma kwa nguvu mpaka ikalia. Kisha Dancan akamwambia atafute waya mmoja utokao kwenye lile sanduku, wenye mdomo wa matundu sita, auchomeke kwenye kadi. Rosaline akatafuta. Waya huo haukuwepo. Akasema haupo, akatafuta tena, akasema haupo.

Sanduku la mia tano lisilo na waya huo, Dancan hajapata kuliona. Fundi yeyote angesimama, avute pazia, aingie asome mwenyewe, na ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini aliyesoma alikuwa mama mkwe wake. Kumwambia asome tena ni kumwambia amedanganya, na wa kwanza kuitaja mia tano alikuwa baba mkwe, mgonjwa, kitandani kwake. Heshima si utumwa, ndivyo wasemavyo, lakini siku hiyo ilimfunga Dancan mikono akiwa amekaa. Akatafuta kwenye mkoba wake waya wa kuungaunga, ule wa kuazima stima mahali pawili, akauweka kwenye sinia, akaupitisha chini ya pazia.

“Tumia hiyo, Mama,” alisema. Na moyoni hakuwa na raha.

Mashine ikawaka. Tena iliwaka vizuri kuliko zamani. Rosaline alifungua filamu, akaenda moja kwa moja mahali pa keki, na wazee wakaikata bila kuganda, Mzee Ngige akamlisha mkewe, watu wakapiga makofi, yote laini. Sifuna alicheka na upande mmoja wa uso. Alianza kutoa amri palepale: leta wimbo chini, hapo weka mkono wa mama, hapo mpe mzee nafasi. Rosaline alikata kama alivyoambiwa, na kwa muda chumba kilirudi kuwa studio. Dancan, huko nje, alisikia sauti ya baba mkwe wake ikipanda na akaanza kuamini kwamba labda waya wa matundu sita uliibwa na fundi fulani wa zamani. Rosaline alimwekea chai mezani, akarudi ndani kabla mkwe hajaifikia.

Alasiri kazi ilikuwa imefika mwisho, na kilichobaki ni kuitoa filamu nzima. Hapo ndipo mashine hufanya kazi kwelikweli. Rosaline akabonyeza. Feni ikaanza kuvuma, ikapanda, ikawa inalia. Dancan akasimama kutoka kwenye kiti. Alitaka kusema zima, lakini alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema neno hilo kwa mama mkwe, na mlio ukatoka, mmoja, mkavu, kisha harufu.

“Mama, ng'oa kwa ukuta,” alisema, na sasa hakuzunguka.

Rosaline akang'oa. Moshi mwembamba ulitoka nyuma ya mashine, ukapanda mpaka kwenye mabati. Harufu yake ilikuwa kali, ilishika koo. Dancan alikuwa amefika kwenye pazia, mkono umelishika, na hapo amekwama. Rosaline alikaa sakafuni, mikono mapajani. Alikuwa amechoka asiweze hata kulia. Alichofikiria ni kwamba amemuua Mzee Ngige mara ya pili, kwa neno moja lililotoka kinywani mwake mwenyewe, na Jumamosi atakwenda kumwambia Gathoni nini.

“Ingia,” Sifuna akasema.

Pazia halikutikisika.

“Dancan. Ingia.”

“Baba, hapana. Mama ako hapo.”

“Nyumba ni yangu. Ingia, uangalie hii kitu.”

Rosaline alijifunika leso kichwani mpaka usoni, akageukia kona. Dancan akaingia macho chini, na afadhali angetazama juu, maana chini ndiko kulikokuwa na beseni, na chupa ya mkojo, na nepi iliyokunjwa ambayo Rosaline hakupata nafasi ya kuitoa tangu asubuhi. Aliona yote hayo kwa mara moja, bila kuyaomba. Akapiga magoti mbele ya mashine, akamulika, akasoma karatasi. Alikaa hapo kidogo, mgongo umewaelekea.

“Hizi masanduku huchoka, Baba,” alisema mwishowe. “Hata ya mia tano. Ikizeeka inachoka.”

Ulikuwa uongo mzuri, na aliutoa kwa upendo. Sifuna aliusikiliza. Midomo yake ilifanya kazi kwa muda kabla neno halijatoka.

“Usinibembeleze, kijana. Ni mia mbili na arobaini. Mama yako alisoma vile nilitaka asome.”

Kwenye kona, chini ya leso, mabega ya Rosaline yakaanza kutikisika.

“Diski iko aje?” Sifuna akauliza.

“Sijui, Baba. Siwezi jua hapa. Mpaka nifike nayo Bungoma.”

“Basi beba. Beba yote.”

Dancan akaibeba mashine kifuani, waya zinaning'inia, akatoka kinyumenyume. Mezani palibaki alama nne za vumbi na kikombe cha dawa. Rosaline alipofunua uso, mume wake alikuwa anatazama mahali palipokuwa na mashine. Jioni hiyo alikula, na Rosaline, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi, hakujua afurahi au aogope.

Ijumaa jirani yake Pauline alikuja kukaa na mgonjwa, na Rosaline akaenda Bungoma, kwa sababu Dancan hangejua kipande kipi kinaingia wapi. Duka lilikuwa kibanda nyuma ya duka la dawa za mifugo, na Joy alikuwa amefika mapema akaweka kiti chake katikati, mama huku, mume kule, kama refa.

Dancan alikuwa ameshaitoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake. Walingoja. Rosaline alishika mkono wa binti yake, akagundua kwamba hajamshika mkono tangu siku ya harusi. Kioo kikafikiri. Kisha Mzee Ngige akatokea amevaa suti ya kahawia, akiuliza kama kamera imeanza.

Joy alimkumbatia mama yake. Rosaline alisema ahsante Yesu, kwa sauti ndogo, akafuta macho na pembe ya leso. Picha zilikuwa nzima, ila ukataji wa Alhamisi ulikuwa umepotea, kwa hiyo kazi ikaanza upya. Alimwambia Joy, Joy akamwambia mumewe, ingawa wote watatu walikuwa ndani ya kibanda ambacho ukinyoosha miguu unagusa ukuta. Mwambie mume wako hapo alete makofi chini. Mwambie mama nimeleta. Mchana ulipita hivyo. Vipande vingine Rosaline alivikumbuka, vingine vilimponyoka, maana bila ile sauti ya kitandani hakuwa na uhakika wa kitu. Palipomshinda, aliacha mambo kama yalivyopigwa.

Kabla ya kumaliza, Dancan aliuliza kupitia kwa Joy filamu iandikwe jina gani mwanzoni. Rosaline akasema iandikwe Sifuna Studio, Kitale. Dancan akaandika kwa herufi kubwa za manjano, akaziacha zikae kiasi cha mtu kuzisoma mara mbili. Alikuwa kijana mwema, na Rosaline aliona, ila hapakuwa na njia ya kumwambia mkwe jambo kama hilo uso kwa uso. Alimwambia Joy ahakikishe anampikia nyama.

Mazishini Kachibora watu walikuwa wengi mpaka kwenye shamba la mahindi la jirani. Rosaline alikaa nyuma, karibu na sufuria za wapishi. Flash yenye filamu alikuwa nayo Dancan, yeye ndiye aliyeipeleka kwa kijana wa skrini. Ratiba ilikuwa imechelewa, mchungaji alikuwa anatazama saa, na Gathoni, macho yamevimba, aliomba waende moja kwa moja mahali baba anapozungumza. Kijana wa skrini akaruka mbele. Herufi za manjano hazikuonekana na mtu yeyote. Hakuna wa kulaumiwa. Mfiwa akitaka kusikia baba yake, utamwambia angoje asome jina la studio?

Mzee akazungumza. Sauti ilifika hadi barabarani. Ilipokwisha, msema chochote, yule mwongozaji wa shughuli, alishika kipaza sauti akamwita fundi asimame, ndugu yetu Dancan kutoka Bungoma, aliyewezesha haya yote, apigiwe makofi ya kilo. Dancan alisimama nusu, akatafuta umati kwa macho kumpata mama mkwe, kisha akakumbuka kwamba hapaswi kumtazama, akakaa. Rosaline alipiga makofi pamoja na wengine. Baadaye Gathoni alimshika mikono yote miwili, akamwambia Mungu ambariki, ampe Baba Joy afya. Lakini alipotaka kuuliza habari ya filamu ya maziko yenyewe, ya kumbukumbu, alikwenda kumuuliza Dancan.

Njia nzima ya kurudi Tuwan Rosaline alitengeneza atakachosema nyumbani. Alikitengeneza vizuri. Walikutaja, Baba Joy. Walisimama. Hata mchungaji alisema jina lako.

Sifuna alikuwa macho. Pauline alikuwa amempangusa na kumgeuza, akaaga akaenda zake. Rosaline alivua viatu, akakaa kitandani upande wa miguu. Miguu ilimuwaka moto.

“Walisema aje?” Sifuna akauliza.

Rosaline alifungua mdomo atoe alichokibeba kutoka Kachibora, na akaona hana nguvu ya kukinyanyua. Uongo nao ni kazi, unataka mtu aliyelala vizuri.

“Hawakukutaja,” alisema. “Walimshukuru Dancan. Jina lako tuliandika, lakini kijana wa skrini aliruka.”

Alingoja. Alijua mtu anaweza kufa kwa jambo kama hilo, amewaona. Sifuna alivuta pumzi, ikaingia, ikatoka.

“Ni haki yake,” alisema. Halafu: “Picha ilikuwa safi?”

“Safi sana.”

“Sauti?”

“Ilisikika mpaka barabarani.”

“Pale mzee alikuwa anasema juu ya mama. Akanyamaza. Akatafuta neno muda mrefu, akakosa, akashika tu mkono ya mama. Hapo mlifanya nini?”

Rosaline alikumbuka. Ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizomshinda pale kibandani, hakujua akate wapi, akaiacha.

“Tuliacha tu vile ilikuwa.”

“Kimya yote?”

“Yote.”

“Watu wakaanza kuongea?”

“Hapana. Hapo ndipo walilia. Hata wale wa sufuria waliacha kukoroga.”

Jicho moja la Sifuna lilijaa machozi, na lile lingine, la upande uliokufa, lilitoa pia, maana halikuwa na uwezo wa kuzuia.

“Mimi ningekata,” alisema.

“Najua.”

“Maisha yangu yote, mtu akinyamaza mimi nilikuwa nakata.” Akatafuta neno, mdomo ukahangaika, na Rosaline hakumsaidia, akamngoja. “Basi ni vizuri haikuwa mimi.”

Rosaline hakumkatalia. Alimfuta uso na pembe ya leso, jicho hili na lile, kisha akainua miguu yake mwenyewe akaiweka kitandani, akalala kando yake bila kuvua nguo za mazishi.